Jina la Mama Mkwe Ukutani

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Mama Gracia wa hapa Rwambuzi. Wengi mnanijua kazini: naongoza shule ya msingi, na walimu kumi na wanne wananiita Mama Direkta. Nyumbani nina mume, watoto wanne, na mama mkwe aliyekimbia vita kule Djugu akafika kwetu na furushi moja.

Ndugu zangu, nilikuwa nachoka mpaka nalia huku naosha vyombo. Basi nikafanya nilichozoea shuleni. Nikaandika ratiba ya nyumba, nikaibandika ukutani. Baba Gracia, maji. Gracia, kufagia. Mimi, kupika bugali na majani ya sombe. Jumapili baada ya ibada nikawasomea wote kwa sauti ya mkubwa. Nilijiona nina akili kweli!

Mama mkwe akauliza polepole, "Na miye, jina yangu iko wapi?"

"Mama, weye pumzika tu. Hauna kazi hapa."

Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Kesho yake, niko katikati ya mkutano wa walimu, mume wangu akapiga simu. Mama hayupo. Jirani alimwona na furushi lake akielekea kwenye kituo cha pikipiki za Iga Barrière, njia ya kwao Djugu. Alikuwa anarudi kijijini, na juma lile risasi zilikuwa zimelia huko. Niliacha mkutano, nikakimbia na viatu mkononi, nikiomba, "Bwana, asipande."

Bwana alisikia. Asubuhi hiyo wenye pikipiki walikuwa wameogopa ile barabara. Nilimkuta amekaa juu ya furushi lake. Nikapiga magoti vumbini mbele za watu.

"Mama, unisamehe."

Akasema, "Mutoto yangu, mutu asiye na kazi mu nyumba ni mugeni, na mugeni anarudiaka kwao. Weye unakufa na kazi, na miye mikono yangu iko muzima."

Nikalia. Akanipangusa vumbi magotini kwa kitenge chake, tukarudi.

Bwana aliniokoa na kiburi, ndugu zangu, nami nilikuwa nakiita heshima. Siku hizi sombe ni ya mama, na jina lake liko juu kabisa ukutani. Nikichelewa shuleni, ananipigia simu: "Mama Direkta, rudia nyumbani, bugali inapoa." Nami natii.

Dada unayebeba peke yako, mtumaini Bwana. Pengine msaada unaouomba amekwisha kuuleta, umekaa pale nyumbani kwako, unangoja kuitwa jina. Amina.