Mzee Ewoi, Aliyesoma Mto wa Gotu

Padre wetu, chifu, wazee, ndugu zetu Waislamu mlioacha maduka na mifugo mkaja, salaam aleikum, na ninyi wengine wote Bwana asifiwe. Familia imeomba historia hii isomwe jinsi mzee mwenyewe angeiandika, yaani kwa tarehe, maana marehemu alichukia maneno yasiyo na tarehe kuliko alivyochukia nyoka.

Marehemu Kornelio Ewoi Erot alizaliwa tarehe 19 Novemba 1961 hapa Gotu, mtoto wa tatu wa mzee Erot na mama Nakiru, mwaka ule wa mafuriko makubwa, na alikuwa na siku nne tu duniani maji yalipoingia bomani, mamake akamfunga mgongoni, akapanda naye kilima hiki hiki tunachomzikia leo.

Alisoma shule ya msingi ya misheni mjini Isiolo kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1977, akafaulu hesabu na kuanguka Kiingereza, akarudi kuchunga mbuzi wa babake hadi ukame wa 1984 ulipowamaliza, ndipo akaenda Burat kufanya kibarua cha kupasua kuni. Tarehe 3 Julai 1989 Bwana Umuro Jattani wa ofisi ya maji, ambaye ameketi nasi hapa mbele, alimwajiri kusoma geji, zile mbao zenye namba zilizosimamishwa mtoni hapa Gotu, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku ya Mungu, na kuandika kina cha maji kwenye daftari.

Alimwoa mama Veronika Akai kwa mila tarehe 12 Desemba 1987, na kanisani tarehe 22 Aprili 1995, siku ambayo padre, kwaya na wageni walingoja saa nzima na nusu kwa sababu bwana harusi alikuwa mtoni, suruali ya suti ameikunja hadi magotini, na mama anasema hilo hajamsamehe hadi leo. Walijaliwa watoto watano, mmoja wao, Ekiru, akatutangulia mwaka 2003. Siku ambazo mzee alisafiri au kuugua, mama ndiye aliyesoma mto, lakini marehemu alimkataza katakata kuandika jina la mumewe, akisema aliyeona ndiye anayetia sahihi, basi.

Sasa tunafika pale panapotia kichefuchefu, na mtuvumilie. Agosti 2024 kampuni moja, ambayo hatutachafua vinywa vyetu kuitaja mbele ya jeneza, iliomba kibali cha mazingira ili ijenge kinu cha kusaga mawe ya dhahabu ukingoni mwa mto, na kando yake bwawa la kuhifadhi maji yenye sumu, wakaandika katika ripoti yao kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya mto kufika mahali hapo. Eti hakuna kumbukumbu! Tarehe 22 Januari 2025, katika kikao cha maoni ya wananchi, marehemu alifika na madaftari sabini na moja kwenye mkokoteni, akafungua Aprili 2018, akafungua Novemba 2023, akaonyesha siku ambazo maji yalipita pale pa bwawa yakaenda zake hadi kanisani, na mtaalamu wa kampuni, viatu vinang'aa, akasema hizo ni daftari za watoto wa shule, akacheka, na wengine wetu hapa, tuseme ukweli mbele ya maiti, tulicheka naye, kwa kuwa tulikuwa tumeahidiwa kazi. Aibu ni yetu. Maafisa wanaopitia maombi hayo hawakucheka, bali waliiagiza kampuni ilete vipimo vya mto vya msimu wa mvua, vyenye jina na sahihi ya msomaji, kabla hawajaamua.

Mwezi wa Februari miguu ya marehemu ilianza kuvimba, ikabainika ni figo, akalazwa mjini Isiolo tarehe 2 Aprili, na kila jioni alimpigia mama simu, si kulalamika, bali kuuliza maji yamefika wapi. Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei, saa nane mchana, binti yake Agneta akiwa amemshika mkono.

Jumatano ya wiki hii tulipata nakala ya vipimo vilivyopelekwa na kampuni, na kila mstari una sahihi ya Kornelio Ewoi, mto umetulia kama maji ya sufuria, tarehe 9 Aprili, mzee akiwa kitandani na sindano mkononi, tarehe 30 Aprili vilevile, na, sikieni vizuri, tarehe 10 Mei saa tatu asubuhi, mzee akiwa mochari siku ya nne. Mtu mzima, mwenye elimu, mwenye mama aliyemzaa, aliketi mezani akaiga mkono wa maiti ili atuwekee sumu kwenye maji ya kunywa. Tulitafuta neno la heshima la kitendo hicho, tukalikosa. Ni uchafu, na unanuka kuliko mzoga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu hakufika hata mlangoni.

Alhamisi Bwana Umuro aliwapelekea maafisa daftari la sabini na mbili, ambalo tangu tarehe 2 Aprili lina jina la Veronika Akai, pamoja na nakala ya kibali cha mazishi ya marehemu, nao wamesema wataamua Ijumaa ijayo, tarehe 23. Mchele na mbuzi ambao kampuni ilituma kwa matanga tuliwarudishia langoni mwao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume kwa subira yao, majirani wa Gotu na Ngare Mara kwa kuni, maji na machozi, na wenzake wa ofisi ya maji, waliomwamini alipochekwa.

Pumzika kwa amani, mzee wetu. Leo tarehe 17 Mei, saa tatu asubuhi, kabla ya ibada, mto umesomwa, mita moja na sentimita arobaini, na aliyeusoma ametia sahihi yake mwenyewe.