Shimo la Oktoba: Maisha ya Veikko Haapala wa Ziwa Hatchet

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Vesper na nyote mliokuja kwa barabara yenye utelezi, familia imenipa mimi, Elma, kitinda mimba wa nyumba ya Haapala, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na Noreen, mjane wake, ameniagiza nisome polepole, nisipambe, na nisilie kabla ya kufika kwenye ndoa yao, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Veikko Oskar Haapala alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, ndani ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke cha shamba la wazazi wetu, upande wa kusini wa Ziwa Hatchet, kaskazini mwa Minnesota, kwa kuwa siku hiyo sauna ndiyo pekee iliyokuwa na joto la kumpokea mtoto mchanga, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Oskari na mama Hilja. Mama alikuwa akisimulia kwamba alipotolewa nje amefungwa blanketi, alifumbua macho akatazama barafu ya ziwa kabla hajamtazama baba yake, na mzee alilalamikia jambo hilo mpaka anaingia kaburini.

Alianza shule ya msingi hapa Vesper mwezi Septemba 1954, akahitimu sekondari tarehe 3 Juni 1966, bila sifa kubwa na bila aibu kubwa, akiwa amekaa karibu miaka yote kwenye dawati la dirishani. Mwalimu wake wa hesabu alimwambia mbele ya darasa zima, “Haapala, hilo ziwa halitakusaidia kwenye mtihani,” naye akajibu kwa adabu kabisa, “Najua, mwalimu, lakini angalau halinipi mtihani,” na kwa jibu hilo alifagia darasa wiki nzima.

Mwezi Oktoba 1966 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mbao, na mwaka 1968 akaitwa jeshini, akaenda vitani, akarudi mwezi Juni 1970, na yale aliyoyaona huko hakuyasimulia, nasi hatukuuliza. Alichofanya ni kuchukua boti ya mzee kila asubuhi na kukaa majini mpaka jua linazama, majira yote ya joto ya mwaka ule, na mama alikuwa akimtazama kutoka jikoni, akisema kwamba maadamu boti inaonekana, mtoto wake yupo. Huko ndiko alikowafahamu besi wetu, wale samaki wa rangi ya shaba wenye macho mekundu, wanaopigana kuliko umbo lao, na nadhani huko ndiko alikojipata tena mwenyewe.

Mwezi Aprili 1974 alianzisha kambi ya wavuvi pamoja na mwenzake wa tangu shule, Merle Osgood, ambaye amekaa safu ya tatu pale, na wala msigeuke kumtazama, maana ataanza kupunga mkono. Merle alishika vyumba, jiko na maneno, Veikko akashika boti na ukimya, na wageni kutoka miji mikubwa walipenda vyote viwili.

Wengi wenu mlipanda boti ya kaka yetu, mnajua alivyokwenda na majira. Barafu ikishaondoka, alitafuta miamba inayopata jua mapema, ambako besi hupanda kuota moto kama wazee, na ilipofika Juni aliwapeleka wageni wake kwenye maji mafupi ya changarawe, si kuvua, bali kutazama, kwa sababu huo ndio wakati samaki dume anafagia kiota kwa mkia wake, jike anataga na kuondoka zake, na dume anabaki kulinda mayai bila kula, akimrukia yeyote apitaye. Samaki wa namna hiyo ni rahisi kumnasa kuliko wote, lakini ukimtoa tu, hata kwa dakika chache za kupiga picha, sangara wadogo wanavamia na kufuta kiota kizima. Mgeni aliyenyanyua ufito wa kuvulia mahali pale aliambiwa, “Huyo yuko kazini, bwana, mwache,” na kama hakusikia mara ya kwanza, boti iligeuzwa kurudi nyumbani. Majira ya joto walivua kati ya visiwa, jioni, kwa chambo cha kuelea juu ya maji, na kila besi alirudishwa ziwani, kwa mikono iliyolowanishwa kwanza. “Kwenye boti yangu samaki hafi,” ndivyo alivyokuwa akisema, kwa majivuno ambayo hakuwa nayo kwa jambo jingine lolote, na Merle akayaandika maneno hayo kwa rangi kwenye kibao kikubwa kando ya barabara kuu.

Alifunga ndoa na Noreen Fitch tarehe 4 Septemba 1976, katika kanisa hili. Walikuwa wamekutana mwezi Aprili mwaka uliotangulia, kwenye mchezo ambao mji huweka pipa jekundu juu ya barafu na kila mtu kubahatisha siku litakapozama, na Noreen, mgeni kabisa, karani mpya wa posta, akapatia siku yenyewe wakati Veikko amekosea kwa wiki nzima, naye akamfuata kumuuliza amejuaje, Noreen akamwambia, “Nimeotea tu, lakini wewe umenuna kana kwamba ziwa ni mali ya baba yako.” Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Tuula, aliyezaliwa tarehe 12 Juni 1979, na habari ya mimba hiyo mji mzima ulikuwa umeshaipata kwa Merle, dukani, kabla mama yetu hajaambiwa. Nalitaja hilo kwa sababu lina kazi yake huko mbele.

Sasa nafika mahali ambapo Noreen ameniambia nisiruke. Mwezi Oktoba 1988, siku ya ukungu, kaka yetu akiwa peke yake alipita juu ya mahali ambapo sakafu ya ziwa inashuka ghafla, na kipima kina chake kikaonyesha samaki wamerundikana kule chini, wengi kuliko alivyowahi kuwaona, maana besi wa maji haya baridi, majani yakianza kupukutika, huacha visiwa vyote na kukusanyika kwenye shimo moja refu kupitisha majira ya baridi pamoja. Alikuwa amelipata hilo shimo. Hakumwambia mtu ila Noreen, wala hakumwambia Merle, kwa sababu aliwajua samaki na alimjua Merle, lakini alianza kuwapeleka wageni huko, akiwazungusha kwanza visiwani mpaka wasijue mashariki ni wapi, na vuli ile na iliyofuata walivua kuliko walivyowahi kuota. Kila samaki alirudishwa majini. Samaki hao walipopandishwa kutoka kwenye kina kile walikuwa wamevimba tumbo, wengine wakaogelea kiubavu-ubavu, naye akadhani ni uchovu tu.

Mwishoni mwa Novemba 1989 ziwa liliganda bila upepo na bila theluji, ile barafu nyeusi inayoangaza kama kioo, na kaka yetu akatoka na patasi yake ndefu ya barafu, akigonga mbele ya kila hatua kama baba alivyotufundisha, mpaka akafika karibu na shimo. Aliwaona chini ya miguu yake, matumbo meupe yamebanwa juu dhidi ya barafu, mmoja, na mwingine, na wengine mbele kadiri jicho lilivyofika. Alitoboa barafu, akamtoa mmoja, akampeleka nyumbani na kumpasua mezani, Noreen akampigia kelele, “Veikko, hapo tunakula!” naye hakusikia, alikuwa anatazama kile kibofu cha hewa ndani ya samaki, kilichovimba na kupasuka kwa kuvutwa juu kutoka kwenye kina kirefu. Kisha akasema, “Nimewaua mimi. Niliwarudisha nikicheka, na nilikuwa nimeshawaua.” Noreen anasema hakuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, hata aliporudi kutoka vitani. Juni iliyofuata alikwenda kwenye maji mafupi, akakuta changarawe tupu mahali ambapo viota vilikuwa vinapakana, akakipakia kile kibao cha barabarani kwenye gari lake na kukichoma kwenye jiko la sauna.

Hapo ndipo ushirika wa kambi ulipokufa, na Merle ameniruhusu kusema, kwa maneno yake, “Soma yote, Elma, nimezeeka, sina cha kuficha.” Veikko alimwambia kwamba uvuvi wa vuli umekwisha, akamweleza sababu, na Merle, ambaye vyumba vyake vya Oktoba vilikuwa vimejaa wageni wenye hamu, akasema, “Nionyeshe. Kama wamekufa, nionyeshe, tulie wote.”

“Nikikuonyesha walipokufa utajua wanapokaa.”

“Basi hakuna waliokufa. Sema tu unataka kula peke yako.”

Kaka yetu akafungua boti yake kutoka kwenye gati, na watu hao wawili, ambao walikuwa wamekunywa kahawa pamoja kila asubuhi tangu wakiwa vijana, hawakusemezana tena kwa miaka zaidi ya thelathini, katika mji mdogo ambao hauna hata umati wa kusingizia kwamba hukumwona mtu.

Akaendelea kuongoza wageni peke yake, majira ya joto tu, mpaka alipostaafu tarehe 30 Agosti 2013. Kila Oktoba mashua za watu zilimfuata kwa mbali, nyingine za baadhi yenu humu ndani, naye akawapeleka kwa utulivu mkubwa mpaka Ghuba ya Mashariki, kwenye maji ya kufika kiunoni, akafungua chupa yake ya kahawa, akakaa mpaka imalizike, huku ninyi mkitupa chambo pande zote. Ndugu zangu, mmevua kahawa ya kaka yetu miaka mingi. Na kidogo kidogo madume walirudi kwenye changarawe, na Juni ile alipoviona viota vinapakana tena alimchukua Tuula, ambaye alikuwa msichana mkubwa sasa, akazima injini, akamwambia, “Tazama,” basi, hilo moja tu, na Tuula anasema hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizopewa na baba yake.

Marehemu alianza kuugua mwezi Machi 2022, ikagundulika kuwa ni saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali huko Duluth mpaka mwezi Septemba, ambapo yeye mwenyewe aliomba arudishwe nyumbani, kitanda chake kiwekwe dirishani. Noreen alimpigia Merle simu, akamwambia, “Njoo sasa, au usije kabisa,” na Merle akaja na sufuria ya supu ya mchele mwitu, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Mimi nilikuwepo. Veikko ndiye aliyeanza.

“Sogea karibu, Merle. Nataka nikuambie shimo liko wapi.”

“Usiniambie.”

“Umelitaka nusu ya maisha yako.”

“Usiniambie, Veikko. Mdomo wangu unaujua.”

“Kwa hiyo sasa unaniamini?”

Merle akageuza kofia yake mara kadhaa. “Nilikuamini siku ileile, palepale gatini. Kilichoniuma ni kwamba wewe hukuniamini mimi.” Kisha akakaa kwenye kiti, akajifuta uso, akasema, “Na ulikuwa na haki, mjinga wewe,” wakaanza kucheka, wazee wawili waliozidiwa na kicheko, mpaka Noreen akaja kuona kuna nini. Merle aliendelea kuja kila asubuhi, na kahawa.

Kaka yetu Veikko alifariki dunia nyumbani kwake siku ya Alhamisi tarehe 17 Novemba 2022, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, ziwa likiwa limeshika barafu asubuhi ileile. Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili, na mimi, niliyesalia peke yangu kati ya sisi watatu, ambaye sijui nitamtania nani sasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliosafisha theluji mlangoni bila kuombwa, akina mama wa kanisa ambao wamepika huko ukumbi wa chini na harufu ya mikate imetufikia tangu sala ya kwanza, na waongoza wavuvi wenzake wa ziwa hili, watakaobeba jeneza, Merle akiwa mbele upande wa kulia.

Limebaki jambo moja. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, kaka yetu na Noreen walivuta kibanda chao juu ya barafu wakati theluji inaanguka na kufuta nyayo, wakakaa juu ya shimo lile bila ndoano wala mshipi, wakanywa kahawa, wakarudi. Noreen alitaka mwili uchomwe na majivu yake yapelekwe huko, alimwomba na kumbembeleza, naye akakataa, akasema, “Nizikeni kilimani na wazee, mke wangu, mkinipeleka kule nusu ya mji itakuwa nyuma yenu.” Ndiyo maana leo tunamweka kilimani, mahali ambapo hakutaka sana kulala, ili wale walio kule chini walale. Itakapofika Februari mtamwona Noreen akitoka na kibanda chake, peke yake. Siku hiyo hiyo Merle naye atakuwa anaelekea Ghuba ya Mashariki, na chupa ya kahawa, na kelele zake zote. Mkitaka kumfuata mtu, mfuateni Merle.

Pumzika, Veikko. Hatutasema.