Mawaridi Ambayo Maman Kasoki Hajayaona

Miaka ishirini na saba si mchezo. Tarehe 31 Mei, Maman Pétronille Kasoki, mhudumu wa ghorofa ya pili katika nyumba yetu ya wazee hapa Etterbeek, atavua koti lake la kazi na kustaafu. Sisi tunaozungumza Kiswahili jikoni na vyumbani tuliomba ukurasa huu wa jarida la nyumba, na mimi, Donat wa jikoni, nikasukumwa kuandika.

Alitoka Butembo akiwa bado kijana, akaanza kwa kufua mashuka, akasoma jioni mpaka akawa mhudumu kamili. Ni mkali, jamani! Ukiacha beseni njiani, utalisikia jina lako mpaka kwenye lifti. Lakini wazee wote humwita maman, hata wale wanaomzidi umri kwa mbali.

Tutamkumbuka zaidi kwa matembezi ya Juni. Kila mwaka tunawapeleka wazee kwenye kasri moja la kale nje ya mji, lenye bustani kubwa ya mawaridi. Safari ya kwanza ilikuwa aibu tupu: njia zilikuwa za changarawe, viti vya magurudumu vikazama, wazee wakala mikate yao penye maegesho ya magari. Maman, aliyekuwa amebaki zamu na wagonjwa, aliposimuliwa akaapa haitatokea tena. Tangu hapo, kila Machi, katika siku yake ya mapumziko, hupanda treni peke yake na kiti cha magurudumu na mfuko wa viazi kutoka jikoni kwangu, kwa sababu anasema kiti kisicho na mzigo hakisemi ukweli. Huvisukuma viazi hivyo bustani nzima akitafuta njia ngumu isiyozamisha magurudumu, benchi lenye kivuli na choo chenye mlango mpana. Siku moja mtunza bustani alimkimbilia akidhani mgonjwa ameanguka. Bon, Maman akamwonyesha viazi, wakacheka mpaka machozi.

Machi hakuna waridi lililochanua. Ni matawi yenye miiba tu, na baridi. Na Juni, basi linapoondoka, lazima mtu abaki na wazee wasioweza kutoka kitandani. Hubaki yeye. Jioni anatungoja mlangoni, anamshika kila mmoja mkono na kumwomba amsimulie. Amesimuliwa mara nyingi hata sote tukaamini kwamba mawaridi hayo anayajua. Juzi tu, akipanga safari ya mwaka huu, ndipo aliponiambia hajayaona hata mara moja.

Akaniambia na lingine. Mumewe, Papa Anaclet, alifariki miaka sita iliyopita, na binti yao Carine yuko Montréal. Kuacha kazi hakumtishi. Kinachomtisha ni kurudi kwenye fleti yake kule Schaerbeek, kuvua viatu, na kukosa mtu wa kumsimulia siku ilivyokwenda. Ndiyo maana hata siku za mapumziko huja kunywa kahawa nasi.

Maman, asante kwa mikono yako, na hata kwa ukali wako. Safari umeipanga mwenyewe, kiti cha dirishani ni chako, na mwaka huu atakayebaki na wazee ni mimi. Mapumziko yako yawe mema na marefu, na kahawa yetu usiiache. Nenda ukayaone mawaridi, uyanuse, usiharakishe. Jioni basi likirudi nitakuwa mlangoni, nikikungoja unisimulie.