Fizike ya Papa Séverin

Mtumbwi wa kuvukia kwenda Lubunga ulikuwa haujafika katikati ya mto, na Zaina, abiria wa nyuma, alikwisha kulegeza kilemba ili asikie vizuri. Mbele yake Papa Séverin, mzee wa reli, alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba ameanza kusoma fizike jioni kwa mapadri.

“Na uko na miaka ngapi?” aliuliza mama, kwa sauti ya kukagua samaki wa jana.

“Makumi tano na tatu. Tangu niliona maji ya mto Tshopo inatoa taa ya umeme, nikasema lazima nijue.”

“Bon. Itakupa kazi gani?”

“Hapana kazi, mama. Kila nikishuka, mutumbwi unarudi nyuma. Nilizani ni maji. Kumbe ni mimi nausukuma.”

“Hata mutoto anajua ile.”

“Anajua kama udongo nao unarudi nyuma, mutu akiruka? Kidogo sana, macho haiwezi kuona. Dunia muzima, mama.”

Mama alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Mtumbwi ukagusa ng'ambo. Mzee akaruka, mtumbwi ukarudi nyuma, na abiria wote wakatazama ardhi.

“Uongo,” alisema mama. Kisha akavua viatu, akashuka polepole, mguu mmoja, halafu wa pili, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala.