Cheti cha Pili

Ng'wa! Beseni la bati lilipiga sakafu usiku wa manane, likazunguka mara mbili, likanyamaza. Asubuhi, kabla jua halijapanda ukuta, Soli fundi viatu alikuwa ameshaketi kijiweni, kwenye benchi la mbao lililo kati ya kibanda chake na jiko la Mama Kahawa, akiomba Mungu asiulizwe. Ni yeye aliyeliangusha. Siku ya pili baada ya dripu, tumbo lake huwa halina adabu. Hii ilikuwa dripu ya nne. Kila baada ya wiki tatu alivuka mji mzima kwenda hospitali ambako hakuna anayemjua, na hapa benchini alisema anafuata ngozi. Ugonjwa wenyewe benchini haukuwa na jina. Uliitwa "ule", tena kwa sauti ya chini, kama unasikiliza nyuma ya mlango.

— Soli, nini kile kilichoanguka kwako usiku? aliuliza Jenereta, mchomelea vyuma, ambaye koo lake halijawahi kukatika umeme.

— Panya.

— Panya anayebeba beseni? Huyo si panya, huyo ni mpangaji. Mdai kodi!

Wakacheka. Soli akacheka nao kidogo, akakishika kikombe bila kunywa.

Mama Kahawa hakucheka. Binti yake, muuguzi wa mwaka wa tisa katika wodi ya wagonjwa wa ule, alikuwa na fomu ya kurudishwa leo saa nne. Akiijaza, atasoma mwaka mzima, afanye mtihani, apate cheti cha ubingwa wa kuwahudumia wagonjwa hao.

— Anatoka zamu sasa hivi, atapita hapa, alisema mama. Nishaurini. Ajaze, asijaze?

— Asijaze, alisema Wakili. Sheria hakuisomea; aliipata kwa kukaa miaka mingi nje ya mahakama akiwaandikia watu barua. Cheti kimoja anacho, akaendelea. Cha pili ni kama kofia ya pili. Utaivaa wapi? Juu ya ile ya kwanza?

— Sare itabadilika? aliuliza Jenereta.

— Ile ile, alijibu mama. Na zamu zile zile.

— Basi! alisema Wakili. Mchagua jembe si mkulima. Miaka tisa! Mikono yake ndiyo cheti.

— Haba na haba hujaza kibaba, alidakia Jenereta. Ndiyo maana dripu hudondoka polepole.

— Sasa hiyo methali inahusu nini hapa?

— Inahusu dripu.

Soli alichukua kiatu, akakiweka chini. Akainuka, akaketi tena. Jibu la Mama Kahawa alikuwa nalo mwilini, lakini jibu hilo halikuwa na mlango wa uani: likitoka, linatoka na kila kitu. Mara ya mwisho iliposemekana mtu wa benchi hili ana ule, kikombe chake kilianza kuoshwa peke yake. Hakuna aliyetoa amri. Kilijitenga tu, na mwenyewe akaacha kuja.

— Mimi naogopa kingine, Jenereta akaendelea. Mtaa usio na fundi redio, mliona wapi redio zikiharibika? Fundi akifungua kibanda tu, zote zinaanza kukoroma. Leteni mabingwa wa ule, muone ule utakavyopanga foleni!

— Kwa hiyo wewe ndiye unayevunja mageti ya watu?

— Mimi ni tofauti. Mimi nina mashine.

— Ngojeni, alisema Wakili, akinyoosha kidole. Hatari yenyewe ni mgawanyo. Mwenye cheti atashika mkono wa kulia wa mgonjwa, asiye nacho ashike wa kushoto. Hata "pole" itataka muhuri. Ukipewa pole isiyo na muhuri, unakata rufaa!

— Na ukishinda rufaa?

— Unapewa pole mbili.

Walikuwa bado wanacheka Sista, kama walivyomwita binti huyo, alipofika, macho mekundu, fomu ameikunja mara nne.

— Shikamooni.

— Marahaba, Sista. Keti. Kesi yako tumeshaimaliza.

Hakuketi. Aliikunjua fomu, akaikunja tena.

— Wajomba zangu, nimechoka. Siku zangu za kupumzika zote zitakwenda, mwanangu atalelewa na bibi yake, halafu nirudi kwenye kitanda kile kile. Nataka kujua kitu kimoja tu. Mgonjwa anaiona tofauti?

Makaa yalilia jikoni.

— Anaiona, alisema Soli.

— Umejuaje, mjomba?

— Kuna mtu namfahamu. Alikuwa kwenye dripu, dawa ikatoka nje ya mshipa, ikaingia chini ya ngozi. Mkono ukawaka kama umewekewa pasi. Muuguzi aliyekuwepo ni mtu mzima, mpole sana, kazini miaka mingi kuliko wewe. Akasema, vumilia baba, dawa hii ni kali. Ilipozidi, akataka kuichomoa sindano.

— Mimi pia ningeichomoa, alisema Sista taratibu.

— Akaja mwingine, binti mdogo tu, mwenye hicho cheti. Akafunga dripu. Akasema sindano isiguswe! Akachomeka bomba tupu la sindano pale pale, akaivuta dawa irudi ilikopitia. Ndipo akaitoa sindano. Kisha akachora kwa kalamu mpaka wa uvimbe, awe anaona kama unatembea. Yule wa kwanza alikuwa na huruma, mwanangu. Ila huruma haikujua kwamba sindano ibaki.

— Hadithi tamu, alisema Wakili. Lakini shahidi yuko wapi? Hatumjazishi mtoto wa watu fomu kwa maneno ya kusikia.

Soli akakunja mkono wa kulia wa shati. Chini ya kiwiko palikuwa na doa jeusi, dogo kama kifungo. Sista alichuchumaa mbele yake, akalibonyeza doa pembeni kwa kidole gumba.

— Vidole vinafanya kazi vyote?

— Vyote. Jana nimeshona jozi sita.

Sista alivitazama vidole vile vyenye gundi. Akaikunjua fomu juu ya benchi, akaomba kalamu ya Wakili, akaijaza yote na kuweka sahihi. Kisha akainua uso, akamuuliza kama anavyowauliza wagonjwa wake wodini:

— Mjomba, unaumwa nini?

— Si ndio ule… alianza Jenereta.

— Namuuliza yeye.

Mama Kahawa alikuwa amelishika birika hewani, hamimini. Soli aliwatazama mmoja mmoja, wote watatu, kisha Sista.

— Saratani, alisema.