Mguu wa Mjomba Yared

Regina, niinulie mto kidogo. Hapo hapo. Na wewe Kasian, weka hiyo simu chini ukae, maana nina maneno ya kuwaachia na pumzi yenyewe ni ya kuazima, sitaki mtu aje aseme baadaye kwamba mama aliweweseka. Akili yangu iko sawasawa. Kilichovunjika ni nyonga.

Tuanze na mali, mpate kutulia. Nyumba hii ya Mikumi ni yako, Kasian. Cherehani na kabati ni vya Regina. Shamba la ufuta namwachia mjukuu wangu Editha. Haya, guneni, nimewasikia. Najua Kasian umeapa kwamba nikishazikwa tu, binti yako anaacha shule, anapelekwa Msowero kwa ndugu za mama yake, asikanyage tena hapa, kwa kuwa ndiye aliyeniua. Hilo ndilo lililonifanya niwaite.

Kilichotokea mnakijua. Tembo walikuwa wanapita zao kando ya shamba, saa kumi na moja jioni, hawana habari na mtu. Rafiki yake, Joha, ameshika simu anarekodi, Editha akachukua fataki tunazofukuzia tembo, akamrushia mtoto wa tembo. Mama mtu akaja mbio, wasichana wakakimbilia nyumbani, tembo akausukuma ukuta wa jiko, ukaniangukia mimi. Miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na amezaliwa hapa hapa, anawajua tembo kuliko mimi ninavyowajua wakwe zangu! Sasa wiki tatu nimelala chali, na swali moja linaniwasha kuliko kidonda: mtu anajuaje, halafu anafanya?

Nilimwuliza mwenyewe. "Ulijua atakuja?" Akasema, "Nilijua, bibi." "Sasa?" Akalia tu. Nikamwuliza tena, ungekuwa peke yako ungerusha? Akafikiri sana, akasema hapana, na hilo likanishangaza zaidi. Basi nikamganda daktari Amon kule hospitali, maskini, kila akija kunipima presha namtwanga maswali. Akaniambia ubongo haukomai wote kwa mpigo. Sehemu ya kutamani na kusisimka huwaka mapema, na mbele ya marafiki huwaka zaidi. Ile ya huku mbele, nyuma ya paji la uso, inayomwambia mtu "ngoja kwanza", hukomaa mwisho, mpaka apite miaka ishirini na kitu. Nikamwuliza, kwa hiyo hana kosa? Akacheka, akasema kosa analo, mama, ila mtu mwenyewe bado anajengwa. Jamani! Miaka sabini na minne natembea na kichwa hiki, sikuwahi kujua kilijengwa kwa awamu.

Kwa hiyo hati ya shamba aishike Regina mpaka Editha afikishe ishirini na tano. Na ukuta wa jiko aujenge yeye, kwa mikono yake, likizo hii. Usinikunjie uso, Kasian. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba ulipouza baiskeli ya baba yako ukanunua redio, na hapa nyumbani hapakuwa na betri hata moja.

Nipe maji... Ahsante, mwanangu.

Kuna jingine. Mjomba wenu Yared, Mungu amrehemu, mmekua mkisimuliwa kwamba mguu wake uliliwa na mamba mto Mkondoa. Hapakuwa na mamba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, yeye tisa, tunarudi Kidete na treni kutoka Kilosa. Wasichana wawili wakanicheka, eti siwezi kuruka kabla treni haijasimama. Nilijua ni hatari, niliwahi kumwona mtu aliyekufa hivyo. Nikaruka. Yared akanifuata, kwa sababu alikuwa akinifuata kila mahali, na gurudumu likampitia.

Baba yangu alikuwa mkali kuliko wewe, Kasian. Aliporudi kutoka hospitali akaniita, nikajua leo nafukuzwa. Akasema, "Atakayeuliza, ni mamba." Basi. Kesho yake akanipeleka shule mwenyewe. Na Yared, maisha yake yote, kila aliyemwuliza alimsimulia huyo mamba, na kila mwaka mamba anazidi kuwa mkubwa, mpaka mimi nacheka huku roho inaniuma. Bila mamba yule nisingesoma, nisingeolewa na baba yenu, wala ninyi msingekuwapo kunigunia hapa.

Nimechoka sasa. Nizikeni Kidete, pembeni ya Yared. Editha atie udongo wa kwanza, mtu asimsukume nyuma. Mungu awape usingizi mzuri na watoto wenye afya... awasamehe ninyi kama... ngoja nivute pumzi... kama mimi nilivyosamehewa. Kasian, usilie. Toka nje umwite, yupo mlangoni tangu asubuhi, namsikia anavyopenga kamasi.

Na watu wakija msibani, wakiuliza Bibiana ameuawa na nini... semeni tembo. Tembo tu. Wala hamtakuwa mmedanganya.