Chai ya Severa

Sogeeni, wanangu. Mauza, kaa upande huu wa sikio langu zima, na wewe Hussam washa simu yako irekodi, maana nitakayosema sitayarudia, pumzi yenyewe mnaisikia inavyokuja kwa kukopa. Msinililie. Mimi mwenyewe nimejaribu kulia tangu ajali ile nikashindwa. Moyo umekufa ganzi, nawaambia haya kama mtu anayesoma mita ya maji.

Nyumba ya Buguruni ni yenu wawili, na wapangaji msiwasumbue. Kwa Yogesh wa duka la mabomba mkaniombee radhi. Miaka tisa simsemeshi, kisa alimuuliza mkuu wangu wa kazi mbele yangu: siku Mzee Suud akifa, nani atajua kufunga maji Kariakoo? Nikanuna, nikaona kanitukana. Kumbe aliuliza la maana, ila mimi sikutaka lijibiwe.

Mnajua nilivyostaafu nikaitwa tena, nikastaafu nikaitwa tena. Mafundi wa koki kubwa za kufungia maji chini ya barabara wamekwisha, ndiyo maana idara ya maji ikaanzisha mafunzo ya uanagenzi, ikanikabidhi Severa nimfundishe miaka miwili. Severa si mtoto, ni mama wa watoto wawili, aliacha meza yake ya viatu vya mtumba pale Mchikichini kwa ajili ya kazi hii. Kila asubuhi ananikuta na buti zake miguuni, "Shikamoo, mwalimu." Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu.

Nilimfundisha kusikiliza bomba kwa fimbo ya chuma, kuunga, kupima. Lakini tukifika kwenye kufunga koki yenyewe, nikishainua mfuniko wa chemba, namwambia, "Severa mwanangu, kalete chai." Akirudi na vikombe, koki imeshafungwa. Ndivyo fundi wangu alivyonifanyia mimi, ila mimi niliiba kwa macho, nikijibanza nyuma ya muuza kanga. Severa hakuwa na tabia ya kuiba. Aliniamini, akaleta chai, tena alikumbuka tangawizi.

Nilichomficha ni hiki. Koki zetu zote hufungwa kwa kuzungusha kulia, isipokuwa tatu za Kariakoo zilizobadilishwa zamani. Hizo hufungwa kwa kuzungusha kushoto. Hazina alama, na sikuziandika popote, kwa kuwa nilitaka simu iendelee kunitafuta mimi. Na kwenye kitabu chake cha mafunzo, pale penye kufunga koki, niliandika "anaweza", nikatia sahihi.

Bomba kuu lilipopasuka nilikuwa wodini na mpira wa hewa puani. Severa akaenda peke yake. Koki ile, mojawapo ya hizo tatu, huwa tunaiacha wazi nusu tu, maana bomba limechoka, na yeye akazungusha kulia kwa nguvu zake zote, kama nilivyomwachia aamini. Kumbe anaifungua yote. Maji yakajaa stoo ya chini ya ghorofa, na Isidori mpagazi alikuwa ameshuka kuokoa marobota ya watu. Hakupanda tena.

Alhamisi wakubwa wa idara wanamhoji Severa. Wanasema ni uzembe, kwani kitabu kinaonyesha alifundishwa. Na yeye kila siku anakuja hapa kunigeuza kitandani, hajaniuliza hata neno moja.

Hussam, naona unatikisa kichwa. Jana uliniambia, "Baba, ukisema hivyo watu watasema umeua, na sisi tutabaki na jina hilo." Ndiyo, baki nalo. Afadhali wewe uinamishe macho msikitini kuliko yeye afungwe kwa uchoyo wangu. Nikifa kabla ya Alhamisi, nizikeni haraka inavyotakiwa, lakini ukitoka makaburini usikae kupokea pole, nenda moja kwa moja kwenye kikao chao na sauti hii. Umenielewa? Sema umenielewa. Haya. Halafu uende kwa mama yake Isidori, ukae chini, usijitetee.

Ule ufunguo mrefu wa chuma wa kuzungushia koki, nyuma ya mlango, ni wa Severa. Usije ukauuza kama chuma chakavu.

Mauza, nipe maji... kidogo tu. Radhi zangu mnazo, wote wawili, Mungu awape riziki isiyowafanya mfiche kitu. Mkipata mtu wa kumfundisha, mfundisheni mpaka... mpaka asiwahitaji.

Huyo anayebisha ni yeye. Mfungulie. Amekuja na chupa ya chai, sivyo? Mwambie aiweke chini.

Kaa, mwanangu. Leo sikutumi. Shika mkono wangu, huu ndio koki. Ya kwanza ipo upande wa Mnazi Mmoja... kona ya kuingilia sokoni, chini ya lami. Ya pili... mbele ya duka la Yogesh. Ya tatu unaijua.

Haya, funga nione. Hapana... si huko. Taratibu.

Hivyo. Kushoto.